Magunia Mawili ya Usufi

Jumatatu, 6 Agosti
Foleni ya sukari tangu alfajiri. Saa nne tukaambiwa imekwisha. Nimerudi na kikapu kitupu, miguu imevimba. Nimejituliza kwa kushona godoro. Juzi mume wangu Hamisi alileta magunia mawili ya usufi kutoka kwao Lindi, umefungwa kwenye magunia ya sukari kama watu wafanyavyo. Moja limetosha godoro. La pili kasema kampelekea mdogo wake Athumani, Msimbazi.

Jumanne, 7 Agosti
Mjumbe wa nyumba kumi kaniita. Kuna mtu kaona magunia ya sukari yakiingia chumbani kwangu. Hamisi ni mchukuzi kwenye ghala la jumla. Mjumbe akiandika barua ghalani kwamba tunaficha sukari, kazi hana, na watoto wangu watatu sijui watakula nini.

Nikauliza nani kaona. Mama Zawadi. Chumba cha pili kutoka changu. Miaka tisa tunakula sahani moja. Ndiye aliyenikanda nilipojifungua. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelia kwa hasira.

Jumatano, 8 Agosti
Nimemkuta bombani. Sikumsalimu. Nikamuuliza kwa nini kasema uongo.

"Mjumbe kaniuliza nilichoona, shoga, nikamjibu. Tena sikumwambia yote. Gunia la kwanza mumeo kalishika mkono mmoja. La pili lilimkunja mgongo."

Nikamwita mwongo mbele ya wapangaji wote. Akasema yeye kaona akiwa mlangoni pake, mimi sikuwepo. Mlango unahusu nini? Usufi ni usufi, uutazame mlangoni au dirishani.

Ijumaa, 10 Agosti
Mjumbe kaja baada ya swala na watu wawili. Mkasi nimeuleta mwenyewe. Nikalipasua godoro uani, usufi ukaruka mpaka kwenye sufuria za watu. Nikaapa kwamba magunia yote mawili yalikuwa hivi hivi.

Mjumbe kaamua. Jumapili Mama Zawadi aniombe radhi mbele ya nyumba zote kumi. Nimefurahi. Nimefurahi sana, na sioni haya kuandika.

Jumamosi, 11 Agosti
Athumani kaja kutusalimia. Kaliona godoro lililopasuliwa, kacheka. "Shemeji, na mimi nikumbukeni basi. Mwenzenu bado nalalia mkeka."

Nikadhani anatania. Hatanii. Hajapata hata konzi ya usufi.

Hamisi alipoingia nikamuuliza mara moja tu. Gunia la pili lilikuwa sukari. Kaitoa ghalani kazini kwake, kaiuza kwa mwenye mgahawa. Hakuinamisha hata kichwa. "Sikukudanganya. Nilisema nimeleta usufi, na usufi uliuona." Eti kila mtu na ukweli wake. Wake huo kaupata wapi? Mimi nasimama foleni mpaka miguu inavimba, yeye anapitisha sukari chumbani kwangu. Na nimeapa juu ya gunia ambalo sikulifungua. Sitaki kumwona. Nalala na watoto.

Jumapili, 12 Agosti
Tumekaa barazani kwa mjumbe. Hamisi kakaa karibu yangu, kanzu imepigwa pasi.

Mama Zawadi kasimama. Kasema macho yake yalimdanganya, aliona vibaya, anaomba radhi. Alikuwa ananitazama mimi, hakuwatazama watu. Nadhani alikuwa ananisubiri. Nikawaza ile barua ya mjumbe. Nikawaza watoto.

Nikasema, "Yamekwisha, shoga."

Watu wakaitikia. Mjumbe akafunga kikao. Mama Zawadi kanipa mkono, nimeupokea, kisha kaenda zake bila kugeuka.

Macho yake ni mazima. Mimi ndiye nisiyeona vizuri, na siku zote yeye ndiye hunitungia uzi kwenye sindano. Leo nimeutunga mwenyewe. Umepita mara ya saba.