Taa Zilizozunguka Kaburi la Baba

Rhotia, Karatu
14 Septemba 2008

Kaka yangu Thadei,

Shikamoo. Poleni na joto la Dar es Salaam, wewe, wifi na watoto. Huku uzima upo, ila umechoka. Mama mguu unamsumbua, mahindi ni haba, na mimi siku hizi nasinzia nikiwa nimesimama. Usinicheke.

Kinachonichosha ni taa. Tangu uache ufundi umeme pale hotelini, tyubu za taa zilizoungua zilikuwa zikitupwa shimoni pamoja na maganda ya viazi. Mwaka huu duka linalotuuzia taa kule Arusha limemwambia meneja kuwa ndani yake mna zebaki, na tyubu ikivunjika sumu hiyo hupanda hewani na kuingia kwenye udongo. Limekubali kuzipokea zikiwa nzima, lizipeleke kiwanda cha nje kinachotoa zebaki na kuyeyusha kioo upya. Kwa kuwa stoo naitunza mimi, mzigo ukaniangukia. Nazirudisha kwenye maboksi yake, naziweka pakavu, kisha nazunguka hoteli nyingine na maduka ya mjini nikiomba nao wakusanye, ili lori la vinywaji lisirudi Arusha tupu. Haji wa duka la vifaa alinicheka, akasema hajawahi kuona mtu akibembeleza takataka. Hata hivyo amenipa kona ya ghala lake.

Ndipo nikalikumbuka kaburi la baba. Zile tyubu ulizozichomeka kulizunguka, tulipokosa uwezo wa vigae, zilipendeza hata wapita njia wakasimama kutazama. Nilijivunia, kaka. Sasa mbuzi wamevunja kadhaa, na wiki iliyopita niliwakuta watoto wa jirani yetu Patrisi wamejipaka usoni ule unga mweupe wa ndani ya tyubu, eti wao ni vijana wa Kimaasai waliotoka jandoni. Niliwaosha papo hapo. Vipande nikavizoa kwa kipande cha boksi, maana fagio hutimua vumbi lake, nikavifungia kwenye kopo.

Nilimweleza mama yote, nikaomba ning'oe zilizobaki. Alikataa. Nikamleta padre, akakataa mbele ya padre. Alisema mkono uliochomeka ndio utakaong'oa. Nilikasirika, nikamwambia anathamini vioo kuliko watoto wa watu. Asubuhi nilikuta kaburi limezungushiwa miiba, mbuzi wala mtoto hapiti.

Jana, tukichambua maharage, alinifungulia moyo. Alisema habari ya sumu aliielewa tangu siku ya kwanza. Lakini tangu uchomeke zile taa hujakanyaga hapa, na kila ukiitwa una udhuru. Ukiambiwa anaumwa, unatuma dawa. Ukiambiwa ana njaa, unatuma hela. Nikizing'oa mimi, alisema, hatabaki na neno la kukuitia ambalo huwezi kulimaliza kwa kumtuma dereva wa basi. Kisha akalia, Thadei, na mimi sikujua niangalie wapi.

Lori linaondoka mwisho wa mwezi. Maboksi nimekuwekea tayari.

Wifi na watoto wapokee salamu zetu, na Mungu awafunike. Mama hajui kuwa nimekuandikia haya. Ukifika, usianzie kaburini. Anza kwake.

Mdogo wako akupendaye,
Margareth