Chupa ya Pili

S.L.P. 318,
Machakos.
Jumatano, 27 Januari 1999.

Mpendwa mpwa wangu Ramzi,

Kosa wanalofanya wengi wakiambiwa mkojo wao umeonyesha dawa za kulevya ni kunyamaza, wakidhani kujieleza ni kukiri. Nakuomba usilifanye. Unisamehe kutanguliza hilo kabla ya salamu. Moyo wangu haukuniruhusu kuanza kwingine.

Sasa, assalaam aleikum. Mafua yameisha? Unalala? Huku hakuna mgonjwa, ila tangu simu yako ya jana ikatike hakuna aliyekula akashiba. Mama yako anazunguka uani na tasbihi mkononi.

Ulisema kwamba Jumamosi kampuni iliwapima mkojo madereva wote, wako ukaonyesha amfetamini, ile dawa ya kufukuza usingizi, na wenzako wanakushauri uondoke Mombasa kabla ya kuitwa ofisini. Hilo la mwisho ndilo linalonitisha. Ukikimbia, umewamalizia kazi: watasema una hatia, na hakuna mwenye malori atakayekupa usukani tena.

Nilifanya kazi ya maabara miaka thelathini, kwa hiyo nivumilie nikueleze. Kile kijiti wanachochovya hakiijui dawa kwa jina. Kinatambua umbo tu, kama bawabu anayemzuia kila mwenye kanzu nyeupe kwa sababu mwizi wa jana alivaa kanzu nyeupe. Dawa ya kuzibua pua, iliyomo katika vidonge vingi vya mafua, inafanana na amfetamini kwa umbo, na kijiti huweza kuzichanganya. Hata miraa huweza kuleta shaka, nami nilikuona Idd ukiitafuna kwa akina Zubair. Kipimo cha mashine kubwa ndicho kinachozitenganisha na kuitaja kila moja.

Ndiyo maana mkojo hugawanywa katika chupa mbili. Ya pili hufungwa, ukatia sahihi yako juu yake, ikawekwa baridini ili uweze kudai ipimwe upya. Wewe mwenyewe uliniambia karatasi uliyosaini inasema siku saba. Hizo zinakwisha Jumamosi hii. Baada ya hapo watamwaga, na kijiti kitabaki kuwa shahidi wa pekee.

Vidonge vyako vya mafua ulivimeza mpaka Ijumaa, lakini boksi lake uliliacha kwa mama yako uliposafiri siku hiyo. Asubuhi ya leo nilikwenda kulichukua, nikamkuta anapuliza jiko.

"Halima, unachoma nini?"

"Ushahidi, kaka. Polisi wakija wasikute dawa yoyote humu."

"Ushahidi huo ndio niliokuja kuuchukua!"

"Basi ungeniambia jana, Bwana Maabara, badala ya kunisomesha habari za mkojo saa nzima!"

Alisema kweli. Nilieleza kila kitu isipokuwa lile la maana. Kisha akakaa chini kando ya jiko, akalia, nami sikujua pa kushika.

Nikaenda kwa Mbithi, mwenye duka la dawa lililo karibu na stendi, ambaye ndiye aliyekuuzia. Alikukumbuka kwa kupiga chafya. Ameniandikia jina la dawa, tarehe, na akagonga muhuri. Karatasi hiyo imo katika bahasha hii, pamoja na boksi jipya la vidonge vile vile ili waone kilichomo.

Nikuambie jambo ambalo hata mama yako halijui. Mwaka wa tisini na nne nililetewa mkojo wa dereva mmoja wa Kathiani, Mutinda. Kijiti kilionyesha, nikaandika "amepatikana". Sikumuuliza alikuwa anatumia dawa gani, naye kwa woga hakusema. Akafukuzwa. Mwezi uliofuata mkewe, Syokau, alikuja dirishani kwangu na chupa ya dawa ya kikohozi, akaniuliza kwa upole kama yawezekana ni hiyo. Ilikuwa inawezekana kabisa. Lakini mkojo ulikuwa umeshamwagwa, na sikuwa na cha kumpimia. Tangu jana nakuona wewe mahali pa Mutinda.

Na kama kuna kidonge kingine, kile wanachopeana madereva ili wasisinzie njiani, niambie mimi kwanza, mwanangu. Sitakufukuza kwangu. Kipo? Mashine itakitaja, nasi tutatafuta tiba pamoja. Maana kuna hofu nyingine iliyo kubwa kuliko ya kazi: wewe kwenye mteremko na lori lililojaa, macho wazi, akili imelala. Hakipo? Basi mashine itakusafisha.

Mke wangu Swabra anakusalimu sana, na mdogo wako Ummi anauliza lini utarudi. Mama yako hana salamu, ana dua tu. Mwenyezi Mungu akufunike kwa sitara yake na akupe ulimi wa kusema kweli mbele ya wakubwa wako.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na kukuhofia,

Rashid.

Nimempa dereva wa basi bahasha hii mkononi, utaipata Alhamisi. Siku hiyo hiyo, kabla hawajafunga, nenda kliniki walikowapimia na karatasi ya Mbithi, uwaandikie kwamba unataka chupa ya pili ipimwe.