Mpango wa Milo Yote kwa Mtoto Aliyeshiba

Mwanangu Nekesa,

Leo mchana wenzangu wawili wamenifuata kwenye kantini ya wafanyakazi, mmoja wa Murang'a na mwingine ni Zuhura wa Tanga, yule dada wa mlangoni pa bufee unayemkumbuka. Wakaketi na sahani zao za wali na dengu, wakaniuliza swali ambalo wageni huniuliza kwenye simu kutwa nzima. Wanataka kuleta watoto wao likizo ijayo, wawapeleke kwenye bustani ya michezo. Je, wachukue mpango gani wa chakula? Kifungua kinywa peke yake, asubuhi na jioni, au milo yote? Na mkahawa upi ambao watoto hawaukatai?

Mimi ndiye wa kuulizwa mambo hayo. Ndiyo kazi yangu. Nikafungua mdomo niwajibu, macho yakajaa machozi, nikasingizia pilipili. Dengu ya kantini haina pilipili, na wote wawili wanajua.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, na barua naiacha wazi ili nao waisome. Nikiisema kwa mdomo sitaimaliza.

Wewe unajua tu kwamba mama anafanya kazi Dubai. Sijui kama niliwahi kukueleza kazi yenyewe. Watu hupiga simu kutoka nchi za mbali kabla ya likizo, nami huwasaidia kuchagua watakula wapi na lini. Kuna mkahawa uliojengwa kama pango, wenye dainosari wa plastiki wanaonguruma supu ikiletwa. Kuna ule wa maharamia, ambapo wahudumu hufunga jicho moja na kujikwaa kila mara. Kuna bufee kubwa ya hoteli kwa walio na haraka. Madam mmoja alinipigia tena na tena kwa sababu mvulana wake hali kitu chekundu. Si nyanya, si tikiti maji, si soseji. Nilimpangia likizo nzima isiyo na rangi nyekundu, naye akaniita malaika. Nilitembea siku ile kichwa juu. Jioni nilipokupigia simu nikakuuliza umekula nini, ukanijibu, "Chakula," nikaridhika nikakata.

Ruhusa ya wewe kuja ilipopatikana, sikuwa na pa kukulaza. Makazi yetu kule Dubai Investments Park ni vitanda vya juu na chini, na mtoto haruhusiwi kupita getini. Jiko hakuna. Tunakula kantini, na asiyekula kantini anakula biskuti. Ndipo bosi wangu, Mungu ambariki, akanikubalia chumba hotelini kwa bei ya wafanyakazi, pamoja na kuingia bustani. Niliruka kama mtoto. Nikaanza kukupangia.

Nilikuuliza kwenye simu, "Nekesa, unapenda kula nini?"

"Chochote, Mum."

"Chochote si chakula."

Ukacheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mkubwa, ukarudia, "Aki chochote tu."

Nami badala ya kung'ang'ana na swali hilo, nikakuchagulia nilivyozoea kuwachagulia wageni. Nikachukua mpango wa milo yote. Siku ya kwanza pango, siku ya pili maharamia, siku ya tatu bufee, na aiskrimu kila baada ya mchezo. Nilijiona fundi. Niliwaonyesha wenzangu kwenye simu, wakasema huyo mtoto atarudi Webuye akiwa hawezi kufunga zipu.

Ukafika. Ulikuwa mrefu kuliko picha. Mhudumu wa ndege alikuachilia mkono, nikakimbia kukukumbatia, nawe ukaninyoshea mkono tukasalimiana kama watu wa kamati. Kisha ukatoa kifuko cha njugu kwenye begi, ukanipa kwa mikono miwili. "Kukhu amekutumia hizi." Nikacheka, nikasema bibi yako hawezi kumwacha mtu asafiri mikono mitupu. Kifuko nikakiweka kando ya televisheni chumbani, nikakisahau.

Sasa nikikumbuka siku ile ya kwanza, nasikia sauti yangu tu. Uligusa friji ndogo, nikasema, "Wacha hiyo, ni ya wenyewe." Ukavuta taulo la pili, nikasema, "Polepole, hapa ni kwa wenyewe." Ukakaa kitandani ukajaribu kudunda mara moja tu, nikaguta, "Nekesa! Kwa wenyewe!" Wewe ulidhani nakulindia adabu. Mimi nilikuwa na hofu ya mfanyakazi. Kila mwenzangu alipopita koridoni nilijiona nimekamatwa nikilala kwenye mashuka ya wageni. Nawe ukasogea ukakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, na hapo ndipo ulipokaa hadi safari ikaisha.

Kwenye pango dainosari alinguruma, watoto wa meza ya jirani wakapiga kelele, wewe ukatabasamu. Mhudumu akaleta kuku, viazi na tambi. Ukaonja viazi viwili. "Nimeshiba, asante." Nikafikiri ni uchovu wa ndege. Kesho yake kwa maharamia, "Nimeshiba, asante," na kiganja juu ya sahani, kama mtu mzima. Aiskrimu ulikula nusu, ukanirudishia nusu nyingine kwa mikono miwili.

Siku ya bufee Zuhura alitupokea mlangoni kwa bashasha zote za Tanga. "Karibu mgeni wetu! Karibu mama, leo hapa mpaka mkanda ulegee!" Ukamshukuru vizuri sana. Tukazunguka meza zote. Ukachukua kipande kimoja cha mkate na ndizi.

"Chukua chakula, Nekesa."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hujala tangu asubuhi."

"Nimeshiba, Mum, asante."

Hapo nilifunguka. Sitaki kulipamba. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, "Unajifanya? Hiki chakula kimelipiwa chote! Unajua nimefanya nini wewe uje ukae hapa?" Familia ya karibu iliacha kutafuna. Zuhura akaja mbio, akanishika bega. "Dada, khalas, mwache mtoto. Atakula inshallah." Sikumsikia. Nilichukua sahani nikakujazia mwenyewe, wali, samaki, nyama, maandazi ya Kizungu, nikaiweka mbele yako kwa kishindo. Ukala. Ulikula yote, bila kuinua macho, nami nikakaa nikikutazama kama askari, na Mungu anisamehe, niliona fahari kwamba hatimaye mpango umetumika.

Tulipopanda ile mashua ya bustanini inayobembea ukatapika. Gauni lako la njano, lile Kukhu alilokushonea, likaharibika lote. Nilikufuta kwa karatasi, na kabla sijasema neno ukaniambia, "Pole kwa kukusumbua." Jioni nikasikia maji bafuni muda mrefu. Nikachungulia. Ulikuwa unafua gauni mwenyewe kwenye sinki, kwa kile kisabuni kidogo cha hoteli, ukiwa umekunja taulo la kwanza pembeni vizuri. La pili hukuligusa.

Asubuhi ya kuondoka, nikipakia begi lako, nikakiona kile kifuko cha njugu. Kilikuwa kimebaki maganda na njugu chache za chini. Niliumia jamani. Niliumia kijinga, kama mpishi aliyekataliwa.

"Chakula cha dunia nzima unakataa, halafu unakula njugu kwa kujificha?"

Ulishtuka. "Nitamwambia Kukhu akutumie zingine."

"Sikuulizi hivyo. Nakuuliza mbona hizi unakula."

"Hizo ni za kwetu."

"Na huku?"

Ukanitazama kama mtu anayemkumbusha mkubwa jambo analolijua vizuri. "Huku ni kwa wenyewe, Mum. Si ulisema? Na ulisema mtu akiwa kwa wenyewe aseme ameshiba."

Nilisema, ndiyo. Nilipokuja likizo mara ya mwisho tulikwenda kumtembelea shangazi yako Bungoma, ukanyosha mkono kuchukua chapati ya pili, nami nikakufinya paja chini ya meza. Hukulia. Ulirudisha mkono. Tukiwa njiani kurudi nikakuambia usiniaibishe, usionekane mlafi, ukiwa mgeni kwa wenyewe ukikaribishwa sema umeshiba. Ukaniuliza, "Hata kama nina njaa?" Nikasema hata kama una njaa, utakula ukifika nyumbani. Likizo yenyewe ilikuwa fupi, nusu yake nilikuwa kwenye ofisi za vyeti, na katika zile siku chache za kuwa mama yako hilo ndilo nililokufundisha. Nawe ulilishika kuliko masomo yote ya shuleni.

Ningekuambia pale pale, "Mwanangu, hapa ni kwenu." Nikaangalia kile chumba, kadi ya mlango iliyokuwa karibu kufungwa, friji ndogo niliyokukataza, mashuka yanayosubiri mgeni mwingine. Nikaona nikisema hivyo nimekudanganya, nawe si mtoto wa kudanganyika. Nikasema tu, "Vaa viatu, tutachelewa ndege." Uwanjani ukanipa tena mkono. Safari hii niliushika bila kujaribu kukukumbatia.

Mwanangu, nina hatia, na sijui pa kuipeleka. Si ya ule ukali peke yake. Ukali mama yeyote anao, na huisha. Kinachonikondesha ni kwamba kutwa nzima natamka neno mgeni. Karibu mgeni, mgeni wa chumba cha juu, mgeni asiyekula chekundu. Nalijua neno hilo kuliko jina lako. Na mtoto wangu alipokuja, nilimpokea kwa hilo neno, nikamlaza penye kitanda cha mgeni, nikamlisha sahani ya mgeni, kisha nikamgombeza kwa kuwa mgeni mwema.

Ulipofika nyumbani Kukhu alinipigia. Alikuwa anacheka hata hawezi kuongea. "Huyu mtoto wako bwana! Ameingia, hata kunisalimu hajanisalimu, begi liko mgongoni, amekwenda moja kwa moja jikoni akafunua sufuria. Eti, 'Kukhu, mrenda tena?' Ametoka Dubai juzi, leo anadharau mboga zangu!" Nyuma yake nikakusikia ukibishana, ukisema hukudharau, umeuliza tu, na ukitaka ugali wa ukoko. Sauti ile sikuisikia hata mara moja ulipokuwa huku. Sauti ya mtu anayedai. Nikamwambia Kukhu mtandao ni mbaya. Nikakata, nikalia chini ya blanketi ili mwenzangu wa kitanda cha juu asihisi.

Sasa basi, Zuhura na mwenzako wa Murang'a, kama mmefika hapa, jibu langu ni hili. Pango ni zuri kwa watoto wadogo, maharamia kwa wakubwa kidogo, na mpango wa milo yote haufai kwa mtoto anayecheza kutwa, kwa sababu atakunywa soda tu. Chukueni asubuhi na jioni. Lakini kwanza tafuteni mahali penye jiko, hata kama ni la kuazima, hata kama ni dogo kiasi cha kugongana mgongo. Mtoto afike hapo kabla ya kufika kokote.

Nekesa, nimenunua sufuria. Nilikwenda Al Ras siku yangu ya mapumziko, nikapita maduka ya viungo nikipiga chafya, nikachagua ya kiasi, yenye kifuniko kizito. Muuzaji aliniuliza kama ni ya watu wengi. Nikamwambia ni ya watu wawili. Iko chini ya kitanda changu, haijaona moto bado, na wenzangu wananitania kwamba nafuga sufuria. Dada yake Zuhura ana chumba Deira, chenye jiko, naye amekubali kutupisha likizo ijayo tukae humo mimi na wewe. Bustani tutakwenda siku moja ukipenda. Usipopenda hatuendi.

Nitaamka mapema nipike kabla ya ndege yako kutua. Mlango nitakufungulia, kisha nitasimama kando. Usininyoshee mkono. Usiniletee chochote kwa mikono miwili. Pita tu na begi lako mgongoni, nenda hadi jikoni, ufunue. Na ukikuta ni mrenda, mwanangu, nakuomba ulalamike hadi majirani wasikie.

Nakuacha kwa sasa, msalimie Kukhu, na gauni la njano nitakuja kuliona likiwa safi.

Ni mimi,
Mama yako, wa kwenu.