Kiti cha Wageni

Yaya Ruphin, kaka yangu,

Sisi wote hapa Panda tunakusalimia. Mutoto wako Jaël amejua kutembea, lakini kikohozi hakijamuacha. Telefone yetu haishiki tena, basi nimemupa shofere Djibril hii barua akuletee Lubumbashi.

Tumesikia faili ya ile usine, kile kiwanda cha asidi, iko kwenye meza yako, inangojea usaini ruhusa ya moshi yao. Ngoja kwanza, yaya.

Watu wa usine walikuja hapa nyumbani na mashine ya kupima hewa. Wakamuuliza Mama: «Mama, tuiweke wapi?» Weye unamujua Mama. Kwake hata mashine ni mugeni. Akawapeleka nyuma ya nyumba, pale tunawekaka kiti cha wageni kwa sababu moshi haifiki kule. Akafagia kwanza. Wale wakacheka, wakamushukuru sana, wakaiacha palepale.

Mbele ya nyumba mihogo yote ya sombe imekauka, na nguo ukizianika zinatoboka. Basi kama umesoma kwamba hewa ya Panda ni nzuri, ujue umesoma hewa ya wageni.

Nilipomuelezea Mama, alibeba kile kiti, akakiweka mbele, kwenye moshi. Tangu asubuhi anakaa pale, anakohoa, anakataa kuingia. Anasema hatatoka mpaka weye, mutoto wake, ukuje kumupima yeye.

Usinitumie jibu. Kuja.

Mudogo wako,
Émérence