Mafuta ya Pasta Hayakuizima Taa

Mwaitu, mama yangu,

Ndengu zimefika hapa Nairobi salama, hata mfuko haukutoboka. Nimewapikia wenzangu wa maabara, wakazisifu sana. Huko Kabati mmepata mvua?

Mama, kuhusu ile taa niliyotengeneza. Pasta Mulinge alipoipaka mafuta ya upako ikazimika, nami nikapiga kelele kanisani, "Mmeiharibu!" Wewe ukasimama ukaniombea msamaha mbele ya watu wote, na mimi nikakuacha ubebe aibu yangu.

Mafuta hayakuingia. Taa imezibwa kwa kioo na gundi.

Ndani ina matabaka mawili ya kutoa mwanga, na katikati kuna utando mwembamba unaoyapa yote mawili chaji ya umeme. Kila tabaka tunalimimina likiwa majimaji, tunalikausha, ndipo tunamimina lingine juu yake. Dawa niliyochagua kumimina juu iliyeyusha ule utando wa katikati. Nilijua. Doa jeusi, dalili kwamba taa inakufa, lilikuwa limeshatokea kabla sijapanda gari kuja huko. Nikaileta hivyo hivyo, kwa sababu ulikuwa umeshawaambia kina mama wote kuwa naileta ibarikiwe.

Sasa mdogo wangu Nduku ananiambia siku hizi unakaa benchi la nyuma, wewe ambaye huanzisha nyimbo.

Jumapili nakuja. Nitasimama pale pale uliposimama, niseme haya yote. Nikimaliza, ukikubali turudi mbele pamoja. Ukikataa, nisogezee nafasi huko nyuma.

Ni mimi mtoto wako,
Kavindu