Fomu ya Kutiwa Sahihi

9 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo naahidi kukueleza yote, hata lile linaloniaibisha. Natumaini kifua kimeacha kukubana kwa moshi wa kuchomelea vyuma. Sisi ni wazima, na mdogo wangu ameota jino la nne. Nimetumia karatasi kwa sababu simu ni ya Mama, na haya sitaki ayasome kabla yako.

Bila shaka umesikia kwamba kampuni ya ule mtandao tunaoonania kila Jumapili inataka kufunga virago. Sheria mpya inaitaka ifungue ofisi hapa nchini, yenye mtu wa kujibu malalamiko ndani ya siku saba. Nayo inasema kuliko kufuata masharti hayo, bora iondoke. Fundi simu wa jirani anasema inatutisha tu, hakuna anayeacha wateja wote hawa. Mwalimu wa uraia alituambia kwamba mpangaji hufuata masharti ya nyumba. Msichana wa dawati la mbele akamuuliza, je, mpangaji akihama na taa tuliyokuwa tukisomea? Mwalimu akafuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

Mama amekonda kwa mawazo. Wateja wake wote huchagua mishono kwenye picha anazoweka humo, na wiki hii bibi harusi mmoja amesita kuleta kitambaa. Mdogo wangu naye anakujua kwa kioo tu, Baba. Nikikutaja, anatambaa kuifuata simu.

Juzi redio ilisema shauri la kwanza mbele ya Tume inayosimamia sheria hiyo limeletwa na mtoto wa shule, na kampuni ikishindwa hapo itaondoka. Mama alikuwa akipinda gauni nililovaa, nami nimemshikia pini. Akasema, "Huyo mtoto angejua anatutoa tonge mdomoni, angenyamaza. Kwani hana mama huyo?" Nikampa pini nyingine.

Baba, mtoto huyo ni mimi.

Picha yangu ya gauni la kijani, ile Mama aliyoiweka mtandaoni kuonyesha mshono wake, iliibwa, ikawekwa kwenye tangazo la dawa ya kunenepesha. Upande mmoja ni mimi, pameandikwa "Kabla". Upande wa pili ni mwanamke mnene nisiyemjua, "Baada". Mama hajaliona, lakini shule nzima inaniita Kabla. Hata mpishi akinipakulia huniuliza Baada atakuja lini. Mwanzoni nilicheka nao. Nikalalamika kwa kampuni mara kumi na moja, na kila mara mashine ikanijibu papo hapo kwamba picha haivunji kanuni. Ndipo nikaiandikia Tume barua rasmi, kama tulivyofundishwa. Nilitaka mtu mmoja tu aitazame ile picha, aseme huyu ni mtoto wa watu. Sikukusudia kumfukuza mtu.

Nimeambatisha fomu. Kwa umri wangu, bila sahihi ya mzazi sitasikilizwa tarehe thelathini, na shauri litafutwa. Ukiirudisha tupu sitanung'unika. Ila tangazo bado lipo, Baba. Jana lilipita tena.

Pokea salamu za Mama, anayedhani nakuandikia habari za mtihani, na za mdogo wangu, aliyeing'ata pembe ya karatasi hii. Naomba jibu kwa posta ile ile itakayokufikishia barua hii: utatia sahihi?

Mwanao wa kwanza