Soketi za Mstari wa Nyuma

Jumatatu, 9 Juni
Topolojia tena, yaani jinsi kompyuta zinavyounganishwa. Ile halisi ni nyaya zilivyolazwa ukutani. Ile ya kimantiki ni njia inayofuatwa na data. Nikawaambia wanafunzi zaweza kutofautiana, kama mimi na picha yangu ya harusi. Wakalicheka tumbo langu. Kompyuta za mstari wa nyuma zimekataa kushika mtandao, kama kawaida.

Jumanne, 10 Juni
Nimefungua soketi za nyuma. Hakuna waya. Hakuna hata tundu ukutani. Madam ndiye mkuu wa chuo, na shemeji yake ndiye aliyepewa kazi ya kuweka mtandao wa maabara. Akapiga skrubu vifuniko kwenye simiti akaenda zake. Nami mwaka mzima nalaumu kompyuta. Mtaalamu kweli. Nimekasirika.

Jumatano, 11 Juni
Wakaguzi waja Ijumaa. Wakiipitisha maabara, mtihani wa vitendo utafanyiwa hapa. Madam amenipa mchoro niutie sahihi: nyota safi, kila kompyuta na waya wake hadi kwenye swichi ya mtandao. Nikamwambia nyuma ni vifuniko tu. Akanimiminia chai.

"Mwalimu, huu ni mchoro wa kimantiki. Si wewe hufundisha kwamba si lazima ufanane na ukuta?"

Kumbe Jumatatu alikuwa dirishani. Mwanafunzi makini kuliko wote. Nikamwambia data haipiti pasipo na njia. Akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwezi huu.

Alhamisi, 12 Juni
Sijatia sahihi. Mama watoto anasema heshima haisongi ugali. Nimemnunia kwa sababu anasema kweli.

Ijumaa, 13 Juni
Nimetia.

Wakaguzi wakatazama mchoro, wakatazama ukuta, wakala kuku, wakaondoka kabla ya mvua. Hakuna aliyegusa kifuniko. Nilikuwa nikiomba mmoja aguse. Chebet, mwanafunzi wangu atokaye Moiben na anayenishinda hata mimi kwa kuunga nyaya, alikuja kunipa mkono. Eti hongera, Mwalimu, tumepita. Najichukia.

Jumatatu, 23 Juni
Nimeongezewa mkataba wa mwaka. Viti vya mtihani vimepangwa, na Chebet amewekwa mstari wa nyuma. Leo amekuja mapema kufanya mazoezi. Akachomeka waya wake vizuri, akangoja taa ya mtandao iwake. Akauchomoa, akaukagua, akaurudisha. Kisha akaniuliza taratibu amekosea wapi.

Nikamwambia ajaribu tena.